Kuagiza spea za baiskeli nje: chukua rula kwanza

Mtu akiniuliza kuagiza spea za baiskeli nje kunalipa au hakulipi, mi namuuliza kwanza kama nyumbani anayo rula.

Nilikuwa na Phoenix ya mzee, tairi zimeisha, Kariakoo zipo ila roho ikataka cha Ulaya, nikaingia duka moja la Ujerumani mtandaoni nikaandika inchi 28, zikaja mbili safi kabisa. Fundi wangu pale kijiweni akabana, akapaka sabuni, akaazima na bisibisi ya pili kwa jirani, mwisho akazitupa chini akasema braza hii haiingii leo wala kesho. Kumbe 28 ya Wajerumani ni 622, ya Phoenix ni 635. Milimita 13 tu ndo zimekula hela yangu, na duka halina kosa lolote.

Kwa hiyo kwenye tairi achana na inchi, soma ubavuni kuna namba kama 37-622 au 40-635, ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa, vyote kwa milimita, na hiyo ya pili lazima ifanane na yako. Ndo maana 29 ya mlimani na 700c ya barabarani zote ni 622, wakati 26 ya mlimani ni 559.

Cheni hesabu sproketi za nyuma, kama ni 9 agiza ya 9, usijidai. Beringi za katikati, zile zinazobeba ekseli ya pedeli, zifungue kabisa kabla hujalipa: fremu nyingi zina nyuzi za Kiingereza, nyumba yake ina upana wa milimita 68 au 73 na upande wa cheni unafunguka kwa kuzungusha kulia, ya Kitaliano ni 70 na inafunguka kawaida pande zote. Piga picha rula ikiwa imelala juu yake.

Haya, hela. Kwenye duka la Ulaya chagua Tanzania kama nchi ya kupokelea kabla hujaangalia bei, mengi yanatoa VAT yao pale pale, 19% Ujerumani, 20% Uingereza, cha euro 119 kinabaki 100. Usishangilie bado, huku TRA wanachukua bei ya mzigo wanajumlisha usafiri na bima, wanapiga ushuru juu yake, halafu VAT 18% inapanda juu ya vyote, yani spea za 100 zilizosafiri kwa 40 zinaanza kuhesabiwa kwenye 140 na kitu.

Na usafiri wa haraka hauangalii mizani peke yake. DHL wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita wanagawa kwa 5000, ikizidi uzito halisi unalipia hiyo. Boksi la 70 kwa 70 kwa 10 ni kilo 9.8 hata kama ndani kuna tairi mbili zisizofika kilo 2! Chukua tairi za kukunja, zenye waya ukingoni nunua hapa hapa.

China kupitia mawakala wa Guangzhou ni nafuu, ndege wanachaji kwa kilo, meli kwa CBM, yani mita za ujazo. Mi huko naagiza taa, chupa, gripu, vitu ambavyo vikifa njiani bado nafika nyumbani. Cheni ya Shimano ya bei ya maandazi siigusi, na usukani wa kaboni usio na jina ndo kabisa, meno yangu nayapenda.

Kwenye anwani weka S.L.P. na simu yenye +255. Mzigo wa posta namba yake ina herufi 2, tarakimu 9, halafu herufi 2 za nchi ulikotoka, CN kwa China, ihifadhi maana Posta wataiulizia.

Zile 622 bado ziko juu ya kabati, mwenye baiskeli ya saizi hiyo aseme tuelewane.