Somo: Hatua za kutafuta kazi ya kusomesha Kiingereza nje ya nchi kwa walimu wa Unguja na Pemba

Assalamu alaykum walimu wenzangu. Somo hili limekusudiwa mwalimu wa Unguja au Pemba mwenye shahada ya ualimu au ya lugha, anayetaka kusomesha Kiingereza nje kwa mkataba halali. Wengi wetu huanza kwa kuwinda matangazo ya kazi, na hapo ndipo miezi inapopotea bure, kwa sababu tangazo huandikwa na skuli lakini ruhusa ya kazi hutolewa na serikali, nayo serikali haiangalii kama mkuu wa skuli amekupenda. Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni kuanza na sheria ya nchi, kisha vyeti, na matangazo yafuate baadaye.

Hatua ya 1: Chagua nchi kwa kuangalia sheria yake

Ziko nchi ambazo mlango wake umefungwa kwa pasi yetu ya kusafiria, hata mwombaji awe hodari namna gani. Korea Kusini, kwa mfano, kwa kawaida hutoa viza yake ya mwalimu wa lugha, iitwayo E-2, kwa raia wa nchi saba zinazozungumza Kiingereza: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. China nayo ina kanuni ya jumla kwamba mwalimu wa lugha anayetoka nje asomeshe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada na uzoefu wa miaka 2. Kwa hesabu hiyo Mzanzibari mbele yao ni mwalimu wa Kiswahili kabla ya kuwa mwalimu wa Kiingereza, na si jambo la kusikitikia, maana vyuo vikuu vya Beijing vinasomesha Kiswahili tangu zamani.

Nchi za Ghuba ziko wazi zaidi. Skuli binafsi za Oman zimezoea walimu wa Kiingereza kutoka India, Misri, Pakistan na Ufilipino, na sisi tuna faida ya dini, ya udugu wa damu na, kwa baadhi yetu, ya Kiarabu. Hata hivyo, Oman ina sera ya kuwapa kipaumbele raia wake, kwa hiyo nguvu zako zielekeze katika skuli binafsi kuliko za serikali.

Nchi ambayo walimu wetu huisahau ni Rwanda. Mwaka 2008 iliamua kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza katika elimu yake, na mwaka 2022 ilipokea walimu kutoka Zimbabwe, nchi isiyokuwamo hata katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisi tumo, na Itifaki ya Soko la Pamoja, mapatano ya Jumuiya yanayowafungulia raia wa nchi wanachama njia ya kufanya kazi katika nchi nyengine za Jumuiya, imeanza kutumika tangu Julai 2010. Mshahara hautafikia wa Muscat, lakini kibali ni chepesi zaidi na nyumbani si mbali.

Hatua ya 2: Kamilisha vyeti

Baada ya shahada, waajiri wengi hutaka cheti cha kusomesha Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo. Kinachoheshimiwa zaidi ni CELTA cha Cambridge, chenye angalau saa 120 za mafunzo, ndani yake saa 6 za kusomesha wanafunzi halisi mbele ya mkufunzi anayekupima. Vyeti vya bei rahisi vya mtandaoni visivyo na mazoezi ya darasani vinasaidia kidogo tu, na mwenye fedha chache ni bora azielekeze kwanza kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa unaopima Kiingereza chako mwenyewe. Matokeo ya mtihani huo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2, basi usiufanye mapema ukaja kuufanya tena. Walioko Pemba wahesabu pamoja na ada nauli ya boti mpaka Unguja, kisha Dar es Salaam, na malazi ya usiku mmoja au miwili.

Hakikisha jina lako ni moja katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya masomo na pasi. Mtu aliyeandikwa Khamis katika karatasi moja na Hamisi katika nyingine atasumbuka wakati wa kuthibitisha nyaraka katika Wizara ya Mambo ya Nje na katika ubalozi wa nchi anayokwenda.

Hatua ya 3: Somo la majaribio

Hapa ndipo walimu wetu wazuri wanapoanguka, na kwa maoni yangu ndipo panapostahili matayarisho makubwa zaidi. Skuli itakuomba usomeshe kwa dakika 10 au 15 kwa njia ya video, pengine mbele ya wasaili wanaojifanya watoto wa miaka minane. Sisi tumezoea darasa lililojaa na ubao mmoja: tunaandika kanuni, tunaisoma, tunauliza "Mmefahamu?" na darasa zima linaitika kwa sauti ndefu "Tumefahamuuu!" Msaili akiliona hilo, huandika kwamba mwalimu huyu hapimi uelewa.

Tuseme umepewa kusomesha wakati uliopita. Usianze na kanuni. Onesha picha ya soko la Darajani, taja mambo matatu uliyoyafanya huko jana, kisha uliza maswali yanayomlazimu mwanafunzi kuonesha kwamba ameelewa: Je, niko sokoni sasa hivi? Safari hiyo imekwisha au bado? Nilinunua samaki lini? Hapo ndipo uandike sentensi, na mwanafunzi atunge yake. Katika dakika 15, wewe usizungumze zaidi ya sita au saba. Jirekodi kwa simu, uangalie, na uhesabu.

Hatua ya 4: Mkataba

Usisafiri kabla ya kuona mkataba wenye saini na viza ya kazi yenye jina la skuli ileile iliyokusaili. Soma kifungu cha malazi kwa makini: kupewa nyumba si sawa na kupewa posho ya nyumba, na posho ndogo katika mji ghali hula mshahara. Uliza kama miezi ya likizo ya kiangazi inalipwa, tiketi ya kurudi ni ya nani, na kiinua mgongo kinahesabiwaje. Mwajiri hana haki ya kukaa na pasi yako. Kwa Oman, tangu Januari 2021 mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake anaweza kuhamia kwa mwajiri mwengine bila ya barua ya ridhaa ya mwajiri wa kwanza, ila kuuvunja mkataba katikati ni jambo jengine kabisa. Mkataba wako upeleke pia Kamisheni ya Kazi hapa Zanzibar kabla ya kuondoka.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Wete: Maalim, mimi nina stashahada tu na miaka mingi ya kusomesha msingi. Nina nafasi?

Jibu: Kaka yangu, kwa Ghuba nafasi ni finyu, kwani shahada ndiyo sharti la kawaida la kibali. Jiunge na shahada SUZA au chuo chengine, na uzoefu wako utakuja kukulipa baadaye.

Swali kutoka Mwanakwerekwe: Wakala ananitaka nilipe kwanza, niende kwa viza ya matembezi, kisha nibadilishiwe hukohuko. Nifanyeje?

Jibu: Usilipe wala usiende, ukti. Viza ya matembezi si ruhusa ya kazi, na ukikamatwa unafanya kazi, wakala hatokuwapo. Muombe akuoneshe usajili wake, na skuli yenyewe uiandikie moja kwa moja.

Swali kutoka Chake Chake: Mimi ni mwajiriwa wa serikali. Naweza kuondoka kimyakimya nikajaribu mwaka mmoja?

Jibu: Hapana. Omba likizo bila ya malipo kwa maandishi na usubiri jibu kwa maandishi. Utoro kazini unaweza kukupotezea ajira, na michango yako ya ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, inastahiki kulindwa.

Swali kutoka Makunduchi: Nimesikia mwalimu wa Kiingereza anaweza kwenda Marekani kusomesha Kiswahili. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli. Mpango huo ni wa Fulbright, unajulikana kwa herufi FLTA, na hukaa mwaka mmoja wa masomo katika chuo kikuu cha huko. Umri ni kati ya miaka 21 na 29, na baada ya kumaliza ni lazima urudi nyumbani, kwani viza yake inafungamana na sharti la kukaa miaka 2 nchini kwako kabla ya kuomba ukaazi kule. Fuatilia matangazo ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na uulize kwanza kama viza hiyo inatolewa kwa Watanzania kwa wakati huo.

Swali kutoka Kiembesamaki: Nimeahidiwa riali 350 za Oman kwa mwezi. Ni mshahara mzuri?

Jibu: Riali moja ni sawa na dola 2.6 hivi, kwa hiyo hiyo ni kama dola 910. Ukipewa nyumba na usafiri, utaweza kuweka akiba na kutuma nyumbani. Ukitakiwa kupanga mwenyewe Muscat, hutobakiwa na kikubwa. Waandikie uwaulize nyumba ni juu ya nani, na jibu lao waliingize katika mkataba kabla hujasaini.