Majina Mawili ya Mwisho: Mtu wa Lamu Ajaze Nini Kwenye Fomu za Ughaibuni

Kwetu Lamu jina la tatu ni la babu. Fatma Ali Omar ni Fatma, binti Ali, mjukuu wa Omar; babake ni Ali Omar Bakari. Kwa hesabu ya Ulaya basi, baba ni Bakari na binti ni Omar, na karani wa uhamiaji atataka kujua hawa wanahusianaje. Kwa Wagiriama wa Malindi ndiyo kabisa: Karisa Kazungu humzaa Kazungu Karisa, maana mjukuu hupewa jina la babu.

Kabla ya kugusa fomu, fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti utazame ile mistari miwili ya chini. Wa kwanza utaanza hivi: P<KENOMAR<<FATMA<ALI. Hizo alama mbili, <<, ndizo mpaka. Kilicho kati ya KEN na mpaka huo ndilo jina lako la ukoo kwa mashine za uwanja wa ndege, hata kama mtaani hakuna anayekuita hivyo. Tiketi, viza na akaunti ya benki zifuate hapo.

Wenye jina la ukoo la Al-Maawy hujikuta na majina mawili bila kuyaomba. Mashine haina kistari. Hukigeuza kuwa <, ikawa AL<MAAWY. Huku mtu akaandikwa Almaawy, kule Maawy peke yake, na mwaka ukiisha ana mafaili matatu. Jina likishaingia vibaya, dai lisahihishwe siku hiyo hiyo, kabla halijanakiliwa kwingine.

Mhispania yeye ana majina mawili ya ukoo kwa desturi: la kwanza la baba, la pili la mama, na mke habadilishi lake akiolewa. Fomu zao zina nafasi mbili. Mgeni mwenye moja aache ya pili wazi. Ukilijaza jina la babako hapo kwa kuona aibu ya nafasi tupu, umejizulia mtu mwingine. Ukichukua uraia wao ndipo utatakiwa la pili, na kwa kawaida ni la mamako, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kioneshe majina yake kamili. Wareno hupanga kinyume: la mama hutangulia, la baba humalizia.

Malindi, palipojaa Waitaliano, jambo hili hugusa watoto. Mahakama ya Katiba ya Italia iliamua mwaka 2022 kwamba mtoto apewe majina ya ukoo ya wazazi wote wawili, kwa mpangilio watakaokubaliana, isipokuwa wamekubaliana kutumia moja. Basi kubalianeni kabla cheti cha Kenya hakijaandikwa, kisha mpangilio huo huo upelekwe Italia. Vyeti vikipishana, mtoto ana pasipoti mbili zenye majina mawili tofauti, na kila safari ni maelezo.

Majina yakishapishana tayari, tofautisha dawa mbili. Hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya kamishna wa viapo, husema tu kwamba Fatma Ali na Fatma Omar ni mtu mmoja, haibadilishi chochote. Kubadili jina lenyewe huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa Kenya na kutangazwa katika Gazeti Rasmi, na baada yake kitambulisho na pasipoti vifanywe upya, kitambulisho kikitangulia.