Jinsi ya kuanzisha mpango wa chakula na masomo kwa watoto walio katika mazingira magumu

Watu wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza kwanza fedha zinapatikana wapi. Mimi huwauliza kama wameshaliona daftari la mahudhurio la shule wanayotaka kuisaidia. Wengi hawajaliona. Wameona watoto wenye njaa wakaguswa, na huko kuguswa ni kwema. Lakini sufuria la kwanza likishapikwa, inabaki kazi ya kila siku kwa miaka, na kazi hiyo inataka kitu cha kuiongoza. Kwangu kitu hicho ni daftari. Ndilo linaloonyesha nani hayupo, hakuwepo siku zipi, na kama chakula chako kinamrudisha mtoto darasani au kinamshibisha tu.

Mwongozo huu ni kwa kikundi kidogo chenye shule moja au mbili za kusaidia. Mashirika makubwa yana wataalamu wao.

Hatua ya 1: Kaa na daftari kabla ya kununua chochote

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kisha pitia mahudhurio ya muhula mzima uliopita. Usitafute wastani. Tafuta mpangilio: watoto wanaokosekana siku ileile kila wiki, wasichana wanaoanza kupungua wakifika madarasa ya juu, wale wanaoitikia asubuhi na baada ya mapumziko hawaonekani tena. Andika majina, halafu nenda majumbani ukiwa na mtu anayeaminiwa na wenyeji.

Ukifika, usiulize kama wana njaa. Swali hilo linamwaibisha mzazi, au linamfanya akujibu anachodhani unataka kusikia. Uliza jana mtoto alikula nini, saa ngapi, na nani alipika. Majibu yatakuja yenyewe.

Kuna binti mmoja ambaye tulipika mwezi mzima bila kumwona. Nilipokwenda kwao nilimkuta mlangoni, mdogo wake mgongoni, sufuria limeinjikwa. Mama alikuwa kibaruani tangu alfajiri. Chakula cha shule hakikuwa na la kumfanyia, maana kilichomzuia ni yule mtoto mgongoni. Alirudi darasani tulipopata mama mmoja wa kulea wadogo pembeni mwa jiko la shule, nao wakawa wanapata uji. Tungesoma daftari kwanza, tungemfikia mwezi mmoja mapema.

Hatua ya 2: Mtoto abaki kwao

Utashawishiwa kujenga kituo cha kulelea watoto. Wafadhili hupenda jengo, kwa sababu jengo linapigika picha. Kataa. Watoto wengi walioko kwenye vituo vya aina hiyo wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Waliletwa kwa sababu nyumbani hakukuwa na chakula wala ada. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Kama tatizo la nyumba ni chakula, peleka chakula. Kama mtoto anapigwa au kunyanyaswa, hilo ni jambo jingine, na mahali pake ni kwa maofisa wa ustawi wa jamii.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwaka, usipige ya mwezi

Mlo wa mchana wa mtoto wa shule ya msingi unaweza kuupanga hivi: nafaka gramu 150, jamii ya maharage gramu 30, mafuta gramu 10, chumvi yenye madini joto gramu 3. Unapata takriban kilokalori 700, zaidi kidogo ya theluthi moja ya mahitaji yake ya siku.

Sasa zidisha. Watoto 200 kwa siku moja ni kilo 30 za nafaka, kilo 6 za maharage na kilo 2 za mafuta. Kwa siku 180 za masomo ni kilo 5,400 za nafaka, kilo 1,080 za maharage, kilo 360 za mafuta na kilo 108 za chumvi. Ongeza kidogo kwa ajili ya kinachomwagika na kinachoharibika. Halafu ongeza vile ambavyo kila mtu husahau: kuni au nishati nyingine, maji, sabuni, usafiri, na malipo ya wapishi. Wapishi walipwe. Mama anayeamka saa kumi usiku kuwasha moto wa watoto 200 anafanya kazi, hata kama mwanawe ni mmoja wao.

Mchanganyiko huo peke yake haumtoshi mtoto kwa vitamini A na madini ya chuma. Nunua unga na mafuta yaliyoongezwa virutubishi, na mboga za majani au matunda yawepo mara nyingi kadiri unavyoweza.

Mwaka wetu wa kwanza tulianza kwa furaha na fedha za miezi mitano. Chakula kiliisha wiki sita kabla ya kufunga. Nilisimama mbele ya watoto waliokuwa wameshapanga mstari, kila mmoja na bakuli lake, nikawaambia leo hakuna. Hawakulalamika. Walirudi darasani na mabakuli yao. Wiki iliyofuata daftari lilikuwa na mapengo kuliko kabla hatujaanza. Tangu siku hiyo sianzi shule mpya mpaka chakula cha muhula mmoja kiwe stoo na fedha za mihula mingine ziwe zimethibitishwa kwa maandishi. Kama hazitoshi watoto 200, tafuta shule yenye watoto 80.

Kuhusu manunuzi, zungumza na wakulima walio karibu kabla ya kumtafuta mfanyabiashara wa mbali. Brazil iliweka jambo hili katika sheria mwaka 2009: wakati huo ilitakiwa angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu ziende kwa wakulima wa familia. Hivyo fedha hizohizo zinamlisha mtoto na kumpa kipato mzazi wa mtoto mwingine.

Hatua ya 4: Stoo

Hapa naomba usome polepole. Julai 2013, katika kijiji kimoja cha jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana cha shule kilichoingiwa na dawa ya kuua wadudu. Walikwenda shule, wakala, wakafa. Kwa hiyo dawa za shambani, mafuta ya taa na sabuni visikae chumba kimoja na chakula hata kwa usiku mmoja, na chombo kilichowahi kubeba dawa kisirudi kubeba kitu cha kuliwa, hata kikioshwa mara kumi. Kila siku mtu mzima ale kwanza, nusu saa kabla ya watoto. Akisema ladha au harufu si ya kawaida, chakula kinamwagwa bila mjadala.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, upepo upite. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Kufuli ziwe mbili, na funguo kwa watu wawili tofauti. Mmoja awe mzazi aliyechaguliwa na wazazi wenzake.

Kabla ya kupokea nafaka, pima unyevu. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, jaza nafaka mpaka theluthi moja, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na nafaka hiyo haifai kuwekwa stoo. Ikianguka chini yote, pokea. Nafaka mbichi huota ukungu, ukungu huleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Gunia lenye ukungu usilichambue wala usilipe mifugo.

Hatua ya 5: Kugawa

Toa mlo mapema kadiri inavyowezekana. Watoto wengi hutoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Ukiwapa chakula saa za kurudi nyumbani, vipindi vyote vya asubuhi vimewapita wakiwa na njaa.

Lisha watoto wote wa shule hiyo. Ukiwachagua "maskini" na kuwaita kwa majina, wapo watakaokaa na njaa ili wasionekane mstarini.

Na upime upawa. Tulikuwa na mistari miwili na wapishi wawili, na kila siku mstari wa mpishi mmoja ulikuwa mrefu mara mbili ya mwingine. Tulidhani watoto wanampenda zaidi. Siku moja nikaomba pawa zote mbili, nikajaza maji na kuyapima: wa kwake ulibeba karibu mara moja na nusu ya mwenzake. Watoto walikuwa wameshapiga hesabu yao zamani. Nunua pawa zinazolingana, jaza mara moja, pima kwenye mizani, na wapishi wote wajue ujazo wa kila darasa: mdogo kwa darasa la kwanza, mkubwa kwa la mwisho. Sabuni na maji viwe mwanzo wa mstari, si mwisho.

Hatua ya 6: Mtoto ambaye sahani haimtoshi

Wadogo wanaokuja na kaka na dada zao ndio wa kuangalia sana. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 tumia utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali; kati ya 115 na 125 ni njano, utapiamlo wa wastani. Bonyeza pia miguu yote miwili: pakibaki shimo, ana uvimbe, na huyo naye ni wa hatari. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usijaribu kumtibu kwa kumshibisha, kwa sababu mwili uliodhoofika kiasi hicho unaweza kudhurika ukilishwa ghafla. Utepe huo na vipimo hivyo si vya wanafunzi wakubwa.

Dawa za minyoo ziende kwa ratiba ya idara ya afya, kwa kawaida mara moja au mbili kwa mwaka pale minyoo inapoenea.

Hatua ya 7: Wanasoma kweli?

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nami nilishairuka. Mtoto ameshiba, yupo darasani, daftari limejaa alama za "yupo", na hajui kusoma. Mketishe mmoja wa darasa la tano akusomee ukurasa wa kitabu. Atausoma wote bila kukwama. Kisha funika ukurasa kwa mkono, acha neno moja tu katikati ya vidole, umuulize ni neno gani. Wengi watanyamaza. Walikuwa wameukariri ukurasa kwa sauti ya mwalimu.

Pima kila mtoto peke yake, dakika tano: herufi, neno, aya fupi, hadithi. Andika alipokwama. Upimaji wa namna hii umefanywa India tangu 2005, na mpango uitwao Uwezo uliuleta Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia 2009. Kisha, kwa saa moja kila siku, wapange watoto kwa pale walipokwama, bila kujali darasa: wa la tano asiyejua herufi akae na wa la pili asiyejua herufi. Shirika la Pratham la India limeitumia njia hii kwa miaka mingi. Wa la tano ataona aibu siku mbili za mwanzo. Mpe kazi ya kugawa kadi, na asisimamishwe mbele ya wenzake mpaka awe na neno la kusoma.

Ukiwa na fedha kidogo za ziada, usikimbilie sare. Nunua vitabu vifupi vya hadithi katika lugha wanayoongea nyumbani, na taulo za kike kwa wasichana wakubwa.

Hatua ya 8: Ulinzi

Chakula ni nguvu, na mwenye upawa anaweza kuitumia vibaya. Kila anayefanya kazi na watoto, hata wa kujitolea na hata mfadhili anayetembelea siku moja, asaini masharti ya ulinzi wa mtoto kwanza. Hakuna mtu mzima kukaa na mtoto faraghani. Hakuna chakula kwa malipo ya kazi au fadhila. Watoto wamjue mtu wa kumwambia, na mtu huyo asiwe msimamizi wa stoo.

Picha pia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unalinda faragha ya mtoto. Usimpige picha akiwa na njaa, mchafu au analia ili uchangiwe. Mfadhili asiyetoa mpaka aone machozi ya mtoto, mwache aende.

Hatua ya 9: Rudi kwenye daftari

Mwisho wa kila mwezi linganisha vitu vitatu: walioitikia darasani, sahani zilizogawiwa, na kilo zilizotoka stoo. Vikitofautiana, tafuta sababu wiki hiyohiyo. Ripoti ya muhula ibandikwe ukutani mwa shule kabla ya kutumwa kwa mfadhili, ili wazazi waione kwanza.

Tangu mwaka wa kwanza waalike maofisa wa elimu wa serikali waone mahesabu, kwa kuwa kikundi kidogo hakiwezi kulisha vizazi. India, mahakama ya juu iliamuru mwaka 2001 kwamba shule za msingi za serikali zitoe mlo uliopikwa, na leo mamilioni ya watoto wanakula. Kikundi chako kitafika mwisho wa nguvu zake siku moja. Mahesabu safi ya miaka mitatu ndiyo yatakayomsaidia ofisa kuombea shule hiyo bajeti.

Na kila asubuhi, mwalimu akishaita majina, mtu mmoja apitie daftari aone nani hajaitikia siku tatu mfululizo. Aende kwao kabla ya saa sita. Asiende kukaripia, apige hodi, aketi, aulize jana mtoto alikula nini.