Muulize Muuzaji Kabla ya Kulipa: Vitu vya Kutoka Navyo Nchi ya Watu

Wasafiri wengi huwaza forodha ya kule wanakofika, wakaisahau ya pale wanapoondokea. Nami nilikuwa hivyo, mpaka kigoda changu cha mbao kilipozuiwa uwanja wa ndege. Mzee aliyeniuzia aliniambia kilikuwa cha babu yake, na hilo ndilo lililonifanya nikipende. Afisa alikipindua, akapitisha kidole kwenye miguu iliyolika, akauliza: "Kibali cha mambo ya kale kiko wapi?" Sikuwa nacho.

Basi kazi huanzia dukani. Uliza kitu kina umri gani na ofisi ipi hutoa kibali cha kukitoa nchini. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unazitaka nchi zilizouridhia ziwe na hati maalumu ya kuruhusu mali za utamaduni zivuke mpaka, na mara nyingi mtoaji ni idara ya mambo ya kale au makumbusho. Usiiendee ofisi hiyo siku ya safari. Huenda wakataka kukikagua kitu chenyewe, na ukaguzi una siku zake. Hata kama kitu ni kipya ila kimechongwa kwa mtindo wa zamani, omba risiti inayotaja kimetengenezwa lini na kwa mti gani.

Mti una uzito wake, kwa sababu ya CITES, mkataba ulioanza kutumika mwaka 1975 na unaosimamia biashara ya spishi zaidi ya 40,000 za wanyama na mimea. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba watu wanavijua. Wanachosahau ni matumbawe, okidi, dungusi kakati na baadhi ya mbao ngumu. Kuwa kitu kinauzwa hadharani si dalili kwamba kinaruhusiwa kutoka.

Wala cha kuokota si salama. Huko Sardinia, kisiwa cha Italia, sheria ya mwaka 2017 inamtoza anayebeba mchanga, kokoto au makombe ya ufukweni faini ya kati ya euro 500 na 3,000. Mimi naona ni haki: kila mgeni akichota chupa moja, ufuko utakwisha.

Kuhusu pesa, soma masharti ya nchi husika. Anayetoka Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi mkononi hutakiwa kutoa tamko. Marekani ni zaidi ya dola 10,000. Kuzibeba si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Kama unadai kurudishiwa kodi ya manunuzi, pitia kaunta ya forodha kabla ya kukabidhi begi, kwani afisa anaweza kutaka kuiona bidhaa ndipo agonge muhuri.

Vibali na risiti vikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na kitu chenyewe kikienea. Wakikizuia, usibishane, omba stakabadhi ya maandishi inayotaja kitu, sababu ya kuzuiwa na muda wa kukata rufaa. Siku ile ndege ilikuwa inaita abiria nami nikaondoka bila karatasi yoyote, kwa hiyo sikuwa na pa kuanzia kukidai kigoda kile.