Somo: Feni ya mkanda au ya umeme kwenye lori?

Wanaopakia mawese na dagaa hapa Kigoma kwenda Kasulu malori yakichemsha, wananiuliza kama wang'oe feni ya mkanda, ile inayozungushwa na injini, wafunge ya umeme. Kwa lori la mzigo, msimamo wangu ni mmoja: usiing'oe. Kabla hujatoa hela, fuata hatua hizi.

Kwanza, jua lori linachemsha wapi. Kama ni mlimani na mzigo, mwendo wa mtu wa miguu, upepo wa njiani haupo, rejeta inategemea feni tu. Kwenye gia ndogo injini inazunguka kwa kasi, na feni ya mkanda inakwenda nayo.

Pili, piga hesabu. Feni ya umeme ya volti 24 ikila ampea 10 ni wati 240. Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo hujafika hata theluthi ya farasi. Feni ya mkanda ya lori kubwa inaweza kumeza farasi zaidi ya 20.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapoteza pesa, pima klachi ya feni, kile kifaa cha katikati kinachoishika feni izunguke na injini au kuilegeza. Injini ikiwa ya moto, zima, toa ufunguo, zungusha feni kwa mkono. Ikiwa nzito kama kijiko ndani ya asali, ni nzima. Ikiendelea kuzunguka ukishaiachia, imekufa. Tazama pale katikati: vumbi lililogandana na mafuta maana yake silikoni, yale mafuta mazito ya ndani ya klachi, imevuja. Mteja wangu alishaagiza feni mbili za umeme; tulibadilisha klachi tu, akapanda Kasulu salama.

Nne, safisha rejeta, na kava la feni lisikosekane.

Ya umeme inafaa pikapu. Weka rilei (swichi ya kubebea umeme wa feni), fyuzi na waya mnene.

MASWALI

Fundi, habari za kazi. Nikiikaza klachi kwa bolti izunguke muda wote?

Nzuri, ndugu yangu. Kwa kukufikisha nyumbani, sawa. Ukiizoea, itakula dizeli hata asubuhi ya baridi.

Shikamoo fundi. Pikapu yangu ina feni ya umeme, inazunguka vizuri lakini bado inachemsha.

Marahaba, kijana. Feni ikizunguka, weka karatasi mbele ya rejeta, upande wa grili. Isiponata, huenda waya zimegeuzwa, feni inasukuma upepo kuelekea mbele. Chomoa betri kwanza ndipo uzigeuze, maana feni hiyo huweza kuwaka hata injini imezimwa.