SOMO: Jinsi ya kuchora kidakio cha kijito cha mlimani, mfano wa milima yetu ya Amani

Wadau habari zenu, hili somo niliahidi tangu masika, yale maji ya bomba hapa Tanga mjini yalipotoka mekundu watu wakaanza kulaumu bwawa la Mabayani linalotuletea maji. Bwawa linapokea tu kinacholetwa na mto Zigi, na Zigi nao unaletewa na vijito vya huko juu Amani, kwahiyo ukitaka kuyaelewa maji yako anza na kijito, na kijito sio ule mkondo unaouona tu, ni mteremko mzima unaokimwagia maji. Huo mteremko ndio kidakio.

Tafuta ramani ya kontua (mistari ya mwinuko) ya kipimo cha 1:50,000, penseli na kifutio.

Hatua ya 1. Chagua mlango, yaani sehemu moja kijitoni unayotaka kujua maji yanayopita pale yametoka wapi, mfano darajani. Bila mlango huna kidakio.

Hatua ya 2. Soma kontua, na hapa usiharakishe kabisa maana ndio somo lenyewe. Kila mstari unaunganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ikibanana ni mteremko mkali, ikiachana ni tambarare. Mstari ukikata kijito unajikunja kama V, na ncha ya V inaangalia juu maji yanakotoka. Mgongo wa mlima ni kinyume chake, mkunjo unaangalia chini. Mimi nilikuwa nachanganya mgongo na korongo mpaka mzee mmoja wa kule Amani akanipandisha juu mgongoni, akamwaga maji ya galoni pale pale, mengine yakaenda kushoto mengine kulia, akaniambia mpaka ndio huu mwanangu.

Hatua ya 3. Anzia mlangoni, panda na penseli ukifuata mgongo, zunguka juu ya chanzo, ushuke upande wa pili mpaka urudi mlangoni. Mstari wako usikate kijito popote isipokuwa mlangoni, ukikata futa uanze tena.

Hatua ya 4. Hesabu miraba ya gridi, kila mmoja ni kilomita 1 ya mraba, iliyokatika kadiria. Sasa sikia, mvua ya milimita 1 kwenye kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 1, kwahiyo kidakio cha kilomita 3 za mraba kikipigwa milimita 20 jioni moja ni lita milioni 60 zimeshuka! Penye msitu nyingi zinanywea ardhini, penye mteremko uliolimwa mtupu zinakimbia na udongo, na ule wekundu ndio huo.

Hatua ya 5. Nenda ukatembee, ramani haioneshi shamba lililofunguliwa mwaka jana.

MASWALI

Swali: Kaka mbona kijito chetu hakikauki Februari na mvua hamna?
Jibu: Ni yale maji yaliyonywea msimu wa mvua dada, udongo wa msitu unayaachia kidogo kidogo kwenye chemchemi. Msitu ukiisha utaona mafuriko masika na mawe makavu kiangazi.

Swali: Shikamoo mwalimu, nina iliki mita kama 20 toka kijitoni, nimekosea?
Jibu: Marahaba. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60. Nenda ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani wakuelekeze, Zigi iko chini yao, ila kwa sasa usiongeze kulima kushuka kijitoni tafadhali, acha miti na majani ya ukingoni yabaki.

Swali: Vijito viwili vimeanzia mlima mmoja, vyote si vinaenda Zigi?
Jibu: Hapana, ndio maana nasisitiza mgongo. Usambara Mashariki, ndio hii milima yetu ya Amani, maji yanayoangukia upande wa magharibi yanashuka mto Lwengera, yanaingia mto Pangani karibu na Korogwe na kufika baharini pale Pangani mjini, ya upande wa huku yanaingia Zigi tunayanywa sisi. Nitumie picha ya ramani yako nikuoneshe mgongo unapita wapi.