Roboti ya Chini ya Maji: Anzieni Kwenye Pipa

Kila mwaka wanafunzi wapya wa klabu yetu hapa Kisumu hunijia wakiulizia kamera. Mimi huwapeleka nyuma ya maabara, kwenye pipa la maji. Roboti isiyotulia ndani ya pipa haitatulia ziwani, hata ifungwe kamera ya bei gani.

Kwenye fremu msipoteze muda. Mabomba ya plastiki ya nusu inchi yanatosha, mradi myatoboe matundu ili maji yaingie na hewa itoke. Hewa ikibaki ndani, upande mmoja huinuka, nanyi mtashinda mkitafuta kosa kwenye nyaya.

Penye kazi hasa ni kuelea. Ning'inizeni roboti ndani ya maji kwa mizani ya springi. Ikisoma gramu 400, hicho ndicho kiasi cha kuinuliwa. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo kila lita inayosukumwa kando hubeba kilo moja: boya la mililita 450 lenye uzito wa gramu 50 linamaliza deni. Sisi hutumia maboya magumu ya nyavu kutoka kwa wavuvi wa ufuo wa Dunga. Sponji hubonyezwa na maji kadiri roboti inavyoshuka, na kuelea kunapotea. Maboya yakae juu, uzito chini. Mkigeuza, roboti nayo itapinduka.

Mota tatu zinatosha: mbili za kwenda mbele na kugeuka, moja ya kupanda na kushuka. Kila mota ipate swichi yake ya miguu sita (ncha sita za kuunganishia nyaya), ili iweze kuzunguka pande zote mbili. Mwaka wetu wa kwanza tulipaka gundi nje tu. Maji yakapenya kwenye ekseli, mota mbili zikafa kabla ya chakula cha mchana. Msichana aliyezisolda alilia, nami nikaumia pamoja naye. Siku hizi tunaziba matundu ya mota kwa tepu, tunaitia ndani ya kichupa cha plastiki cha dawa, kisha tunajaza nta iliyolainishwa kwa vaselini. Nta iwe vuguvugu. Ikiwa moto sana itapenya hadi ndani ya mota.

Waya wa kupeleka umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye roboti msiununue mwembamba kwa kubana pesa. Waya wa milimita mraba 0.75 wenye urefu wa mita 15, kwenda na kurudi, hula karibu volti 2 mota inapovuta ampea 3. Betri ni ya volti 12, mota inapata 10. Umeme wa ukutani usikaribie maji kamwe.

Mashindano ya MATE ROV, ya wanafunzi wanaounda roboti za chini ya maji, yaliyoanza Marekani mwaka 2002, hutaka fyuzi iwe ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye kiungo cha betri, na kila timu ijiendeshe kama kampuni: iandike ripoti ya kiufundi, ijieleze mbele ya majaji. Hata kama mnashindana na shule jirani tu, fuateni hayo. Aliyesolda ndiye aeleze kazi yake, si mwalimu.

Ziwani nendeni mwisho. Shusheni roboti mkiwa juu ya gati, msiingie majini: kichocho kipo. Mkimaliza, ondoeni nyuzi za gugumaji zilizojisokota kwenye propela, suuzeni kila kitu, na muache roboti ikauke kabla ya kufungua kisanduku cha nyaya.